Taa ya ABS kwenye IST yangu: uzoefu wangu na fundi wa kupima, Mwanakwerekwe

Nimelipa Sh 15,000 kupimiwa taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge, na katika pesa zote nilizozitia kwenye hii Toyota IST sikumbuki nyengine iliyonirudia vizuri kama hiyo. Fundi mwenyewe ni wa umeme wa magari, yuko Mwanakwerekwe, hapa Unguja, hana bango. Kazi yake hasa ni kupima. Kufunga anafunga pia, lakini bei ya kufunga ni mbali, na ukitaka kuondoka na majibu yako ukafungishe pengine hanuni.

Tatizo lilikuwa la kuja na kuondoka. Nikikata kona ya kulia kuingia kwetu Fuoni, taa ya manjano inawaka na inabaki hivyo hivyo mpaka nizime gari. Nikiwasha tena, imepotea. Siku nyengine nakwenda mjini na kurudi haijionyeshi kabisa. Breki zenyewe nzima, pedali ngumu, gari inasimama nikitaka isimame.

Kwa wenye wasiwasi: taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinaendelea kufanya kazi. Kinachokosekana ni ile kompyuta ya kuachia na kubana breki haraka haraka ili tairi lisijifunge ukikanyaga kwa ghafla, na thamani yake utaijua mvua za masika zikishamwaga mchanga kwenye lami. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, hapo ni mambo mengine. Usiendeshe. Tazama mafuta ya breki kwanza, na hata kama yapo, gari ivutwe.

Kabla ya kufika kwake nilishapitia njia mbili ambazo najua wengi mnazipitia. Ya kwanza ni kile kidude cha bluetooth cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani kikasoma gari kwenye simu. Kwa injini hakina ubaya, lakini vingi katika vya bei hiyo vinasoma makosa ya injini tu. Kompyuta ya ABS ni nyengine na havizungumzi nayo. Basi taa inaniwakia usoni, simu inanambia gari haina kosa lolote. Ya pili ni gereji moja ambayo, bila ya kupandisha gari kwenye jeki, ilishaniandikia sensa mpya nne, yaani vile vidude vinavyosoma kasi ya gurudumu. Kwa nini nne? "Zinakwenda kwa seti." Hazendi kwa seti. Kila gurudumu lina sensa yake na waya wake, na ikifa moja, tatu zilizobaki hazina habari.

Kijana mmoja pale pale akanipa na mpango wa tatu: aing'oe taa. Mnaonunua gari mkononi, hili mlishike. Ukifungua swichi, taa ya ABS lazima iwake kama sekunde tatu kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, jua kuna mtu ameshaishughulikia.

Sasa fundi wangu. Hakutoa mashine ya kusomea makosa. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya chini ya usukani, akafungua swichi bila ya kuwasha injini. Taa ya ABS ikapepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara mbili.

"Thalathini na mbili. Mbele kushoto, shekhe."

Kwenye Toyota nyingi za umri huu namba ni hizo: 31 mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Mashine inayoifikia ABS ingeandika C0200, C0205, C0210 na C0215 kwa mpango huo huo. Msijaribu kwa kubahatisha matundu, maana la 16 lina moto wa betri moja kwa moja.

Nikamuuliza, basi ninunue sensa ya kushoto? Akacheka. Namba inakutajia upande ulikopotea ujumbe, akasema, haikutajii aliyeupoteza. Anaweza kuwa ni sensa, waya, soketi, au ile pete ya meno inayozunguka mbele ya sensa. Pete hiyo kwenye IST imo kwenye sivi joint, kile kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele, na hapa Unguja ina kesi yake: mtu anabadilisha sivi joint, anauziwa ya gari isiyo na ABS, haina meno, taa inawaka siku hiyo hiyo, halafu sensa ndiyo inayosingiziwa.

Akapandisha jeki, akatoa tairi, akachomoa soketi ya sensa, akaweka mita. Sensa za aina hii ni sumaku na koili, waya mbili, na nzima mara nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Yangu ilisoma 1,500 na kitu. Akapima na ya kulia: karibu sawa. Wengi hapa wangesema sensa nzima, tatizo ni kompyuta. Yeye akaniomba nikae kwenye kiti nizungushe usukani taratibu hadi mwisho, yeye macho kwenye mita. Kulia, namba ikapotea. Nikarudisha kati, ikarudi. Kulia tena, ikapotea. Akashika waya kwa vidole viwili pale unapobanwa na kibano cha shokapu, akaukunja kidogo tu, namba ikawa inaruka bila ya mimi kugusa usukani.

Akachana ganda la waya kwa wembe palepale. Kwa nje mpira ulikuwa mzuri, hauna hata mkwaruzo unaoonekana kwa mbali. Ndani shaba imegeuka kijani na inamung'unyuka. Chumvi. Tunaishi kisiwani, gari zinalala nje, na maji yakishapata ufa mdogo hayatoki tena.

Hapa ndipo nilipompenda, kwa sababu angeweza kuunga waya kwa risasi ya kulehemu, akachukua pesa yake. Alikataa. Alisema pahala penye kukunjwa kila ukikata kona hapaungwi, kiungo kigumu kitakatika pembeni yake. Akanituma kwa wauza spea za mtumba nikatafute sensa ya IST ya mbele kushoto yenye waya wake wote mpaka soketi, na akanisisitiza niipime palepale dukani kabla ya kulipa. Nikaipata kwa Sh 40,000, chini ya nusu ya bei niliyotajiwa ya mpya.

Kutoa ya zamani ndiko kulikochukua muda. Boliti ni moja tu, ya spana namba 10, ikatoka bila ya ubishi. Sensa yenyewe imeganda kwenye tundu lake kwa kutu. Alimwagia mafuta ya kulegeza, akaiacha, akaenda kufanya kazi ya mtu mwengine, akarudi akawa anaigeuza kushoto na kulia kidogo kidogo kwa koleo. Havuti, hagongi. Ukivuta kwa hasira kichwa cha plastiki kinabaki mkononi na mwili unabaki ndani, na hapo tena ni drili na kilio. Ilipotoka, ncha yake ilikuwa imejaa unga wa chuma kama ndevu. Tundu akalisugua kwa msasa, akalipangusa kwa kitambaa mpaka likabaki chuma kitupu, kwa sababu kutu ikijaa pale inaisukuma sensa mbali na pete. Dalili ya hiyo, alinambia, ni pedali kutetemeka na kukoroma gari ikiwa karibu kabisa kusimama, wakati barabara ni kavu na hukukanyaga kwa nguvu. Aliye na dalili hiyo aanze na tundu la sensa.

Baada ya kufunga, kabla ya kuchomeka soketi, aligeuza mita kwenye volti za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Volti ndogo sana ikapanda na kushuka kwa kasi ya mkono wake. Pete nzima, sensa inaona. Akachomeka, akaunganisha tena 4 na 13, akanambia nikanyage breki mara nane ndani ya sekunde tano kufuta kosa. Tukazunguka mtaa nikikata kona za kulia kwa makusudi. Haijawaka tena mpaka leo, na mvua zimeshapita hapo kati.

Ya kumlaumu yapo. Foleni yake haina mpango, aliyewahi ndiye wa kwanza na rafiki yake ndiye wa kwanza zaidi. Risiti hatoi, kwa hiyo kama gari ni ya ofisi itakusumbua. Kufunga alinichaji Sh 20,000 nyengine, ambayo kwa kazi ile sina neno nayo, ila ni vyema angeitaja asubuhi.

Na wenye gari mpya zaidi muulizeni kwanza kwa simu. Nyingi zina sensa zinazohitaji kulishwa umeme ndipo zifanye kazi, na hizo hazipimwi omu; mita inaweza hata kuziharibu. Zinatakiwa mashine inayoonyesha kasi ya kila gurudumu gari ikiwa inatembea, na yeye hana. Alinambia mwenyewe bila ya kuulizwa, na mwenye gari ya namna hiyo aliyekuwa mbele yangu alimrudisha bila ya kumchukulia hata senti. Nampa nyota nne. Ya tano ataipata siku atakayoanza kuandika majina ya waliofika kwanza.