Mbio za kilomita 21 au kuogelea baharini?

Barazani swali ni lilelile: ukitaka kujitoa kwenye mazoea, ujiandikishe nusu marathoni au ujifunze kuogelea?

Kwa gharama, mbio zinadanganya. Barabara ni bure, lakini viatu vizuri vinauma mfukoni, na huchakaa baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi. Bahari nayo ni bure. Anayelipwa ni mwalimu, na hapo usibane senti.

Utata uko kwenye ratiba. Mama Ngina, barabara ya ufukweni Mombasa, haihami: ukishaswali alfajiri, jua halijawaka, unakimbia. Bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea takriban dakika 50, kwa hiyo "kila Jumamosi saa moja" haipo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pale Nyali, maji yakipwa unatembea kwa miguu ulipopanga kuogelea. Kusi ikivuma, bahari huchafuka.

Halafu kuna hofu. Nimezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na nimejifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini (nichekeni tu). Mbio zilinichosha, maji yalinitisha, na kutishika ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Mwenye zamu zinazobadilikabadilika, mbio zitamfaa zaidi, anakimbia saa yoyote. Mwenye magoti yanayolalamika ataona raha majini, ila asiingie peke yake.