HD 600 au DT 990 Pro kwa Msikilizaji wa Nyumbani Kisumu
Hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, kama hizi mbili, Sennheiser HD 600 na Beyerdynamic DT 990 Pro, hupitisha sauti ndani na nje, kwa hiyo katika nyumba iliyoezekwa kwa mabati mjini Kisumu mvua ya jioni itaufunika muziki, naye aliyeketi kando yako atasikia kila unachosikiliza. Anayeikubali hali hiyo ndiye zinayemfaa.

Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, huiacha sauti ya mwimbaji na nyuzi za nyatiti zilivyo, bila kuzitia chumvi, na kwa benga, ambamo magitaa hujibizana kwa kasi, sijasikia inayoyatenganisha kwa uaminifu zaidi. Besi yake ya chini kabisa, hata hivyo, ni hafifu.

Beyerdynamic DT 990 Pro huongeza besi na hasa sauti kali za juu, jambo linalochangamsha ngoma za ohangla lakini huweza kuchosha masikio ya anayesikiliza kwa muda mrefu. Waya wake hauchomoki, ilhali wa HD 600 hubadilishwa kwa urahisi ukikatika.

HD 600 ina ukinzani wa umeme wa omu 300, na toleo maarufu la DT 990 Pro lina 250, hivyo zote huhitaji amplifaya ndogo ya kuzipa nguvu. DT 990 Pro kwa kawaida ni nafuu zaidi; mimi ningeendelea kuweka akiba ya HD 600.