Yadi ya kuhifadhi karavani na trela Nakuru: maoni yangu baada ya miezi minane

Karavani yangu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, imekaa miezi minane katika yadi moja iliyo upande wa barabara ya Njoro, kwa Sh5,000 kila mwezi. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu waliopokea barua kama niliyoipokea mimi, kwamba kanuni za mtaa haziruhusu trela, mashua wala karavani kukaa mbele ya nyumba kwa zaidi ya saa 48.

Mwanzoni nilikasirika sana. Nilipoisoma tena hati ya nyumba, nilikuta kanuni hiyo nimeitilia sahihi kwa mkono wangu. Kwa nyumba zilizo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, kanuni za shirika la wamiliki humfunga mwenye nyumba na mpangaji vilevile, na ile nafasi ya mbele tunayoihesabu kuwa yetu mara nyingi ni mali ya wote. Kuitoa karavani nje ya geti hakukufaa pia, kwa kuwa ukingo ule ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara.

Mapokezi ya yadi yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mzee anayelinda geti aliizunguka karavani akiwa na daftari, akaandika namba ya usajili inayoanza kwa herufi Z, mkwaruzo ulio chini ya dirisha la kushoto na hali ya kila tairi. Aliniagiza nirudi nyumbani na mtungi wa gesi. Kisha akailegeza breki ya mkono na kuweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu, akinieleza kwamba breki iliyofungwa kwa miezi hung'ang'ania. Nimemiliki karavani miaka sita na sikulijua jambo hilo. Matairi aliyafunika kwa magunia, na alifanya vyema, maana mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na jua lake hupasua mpira.

Kosa lao lilikuwa kubwa. Wakati wa mvua za Aprili waliisogeza karavani bila kunipigia simu, ili lori lipate nafasi, wakaiacha upande wa chini ambako maji yote ya yadi hukusanyika. Nilipofika wiki tatu baadaye, gurudumu moja lilikuwa limezama ndani ya maramu na kona ya zulia ilikuwa imeota ukungu. Msimamizi aliomba radhi na kunisamehe kodi ya mwezi mmoja, lakini zulia nililinunua mwenyewe. Yeyote anayepeleka chombo chake huko adai iandikwe katika mkataba kwamba hakitasogezwa bila taarifa. Mimi nilidai, nao wakakubali.

Linalonisumbua hadi leo ni saa za geti, kwani hufunguliwa saa mbili asubuhi, na anayekwenda Ziwa Baringo hupenda kuondoka alfajiri. Hivyo huichukua Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, ikalala kwangu usiku mmoja na kuondoka Jumamosi, ndani ya zile saa 48 za kanuni. Nimewaomba wafungue mapema siku za Jumamosi, lakini jibu lao ni kwamba mlinzi wa usiku hana ruhusa ya kutoa gari.