Ushangiliaji wa mashindano (cheerleading): uanze na sarakasi au kunyanyuana?

Kila anayejiunga na timu huuliza swali hilohilo. Onyesho la kawaida la dakika 2 na nusu hudai vyote viwili, pamoja na piramidi, miruko na dansi, lakini njia za kuvijifunza hazifanani.

Sarakasi ni kazi ya mtu mmoja. Unaanza kwa kubingirika na kupiga gurudumu, kisha unajirusha nyuma na kutua kwa mikono kabla ya miguu, na baadaye kabisa unapinduka hewani bila kugusa chini. Maendeleo ni ya polepole, na woga wa kujirusha nyuma huwashika hata wenye nguvu. Hata hivyo, huna haja ya kumsubiri mwenzako. Unahitaji mkeka na kocha tu.

Kunyanyuana huhitaji kundi, kwa kawaida wabebaji 2, mlinzi wa nyuma na flaya, yule anayepanda juu. Macho yote humfuata flaya. Mimi humtazama mlinzi, kwa sababu flaya akianguka, yeye ndiye anayekinga kichwa na mabega yake. Mnaanzia kiunoni, mnafika mabegani, halafu juu ya kichwa mikono ikiwa imenyooka. Hatua za mwanzo huja haraka, ila mmoja asipofika mazoezini, kundi zima linakwama.

Kuhusu majeraha, sarakasi huchosha vifundo vya mikono na miguu. Kunyanyuana huhatarisha zaidi kichwa.

Uliyewahi kufanya jimnastiki, anza na sarakasi. Mwenye mabega imara na wenzake wanaohudhuria bila kukosa, aanze kubeba.