Spea nilizoifungia EJ205 ya Forester: turbo niliichagua mwisho

Forester yangu ya Subaru ni ya bodi ya SG5, injini EJ205 ya lita 2.0, na turbo yake, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, ni TD04 ya kiwandani. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilipoanza kugonga kulikuwa na njia mbili: ninunue injini ya mtumba kutoka Japani, ama niifungue hii na kuijenga upya. Injini ya mtumba huja na maradhi ambayo muuzaji mwenyewe hayajui, kwa hiyo nikaijenga. Nilitaka gari la kupanda Limuru bila kuhema na kushuka Mombasa na familia, si gari la mashindano. Yafuatayo ni maoni yangu baada ya kuliendesha masika yote.

Beringi kwanza, maana ndizo zinazozika injini hizi. Nimefunga za chapa ya ACL Race, na sina neno nazo. Sehemu ya krenki inayoshika konrodi ina kipenyo cha mm 52, na wajenzi wa injini za turbo huacha nafasi ya oili ya kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani mm 0.05 hivi. Fundi wangu wa Ngara, Nairobi, aliipima kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki halafu ukasoma upana uliotandazika. Zote zilikaa palepale. Seti ya kwanza niliyouziwa na duka moja la Kirinyaga Road ilikuwa na boksi la jina hilohilo, lakini nusu mbili za beringi moja zilipishana unene kwenye maikromita, na maandishi ya mgongoni yalifutika kwa kidole gumba. Muuzaji alinirudishia pesa bila ubishi, kama mtu aliyezoea.

Beringi ikishakufa, vipande vya chuma husambaa kila oili inakopita. Kipoza oili kilichokaa juu ya filta hakisafishiki kwa uhakika, hata ukimimina lita ngapi za petroli. Nilikitupa. Pampu ya oili nilinunua mpya ya Subaru yenyewe, pamoja na bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Bomba hilo hupata ufa mdogo kwenye maungio, pampu ikaanza kuvuta hewa, na ukajikuta umerudi kwenye beringi. Ni kitu ambacho hakuna atakayekipiga picha, lakini nikiulizwa pesa yangu ipi ilifanya kazi kuliko zote, ni hii.

Pistoni ndizo zilizonitafuna. Za kufuliwa, yaani forged, zina aloi mbili zinazotajwa sana, 4032 na 2618. Ile 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, kwa hiyo hukaa karibu na ukuta wa silinda na asubuhi ya baridi haipigi kelele. 2618 huvumilia kipigo zaidi injini inapogonga kwa joto, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda, ila inatanuka sana, inahitaji nafasi kubwa, na ikiwa baridi utaisikia ikigonga ukuta. Vijana wa mbio watakuambia 2618 bila kufikiri. Mimi naenda kazini saa moja asubuhi kwa mwendo wa dakika chache, nikachukua 4032. Ringi ya juu tuliipa uwazi wa mm 0.45 kati ya ncha zake, ukibana zaidi kwenye turbo, joto linapopanda ncha zinakutana na pistoni inavunjika mfereji wa ringi.

Gasketi za hedi, vile vichwa vinavyofunika silinda, ni za chuma cha matabaka, na hedi zilichongwa kidogo kabla ya kufungwa. Stadi za chapa ya ARP za kubana hedi ni imara, bei inauma, na kwa busti yangu, yaani mgandamizo wa hewa unaoongezwa na turbo, bolti za Subaru zingetosha. Nilizinunua ili nilale. Mkanda wa taimingi, roli, tenshona na pampu ya maji vilikuja katika boksi moja la Aisin. EJ205 mkanda ukikatika valvu hugongana, kwa hiyo hapo sikutafuta bei rahisi.

Sasa turbo. Kila mtu alinishauri kubwa, hasa zile kopi zisizo na jina zinazoning'inizwa madirishani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini ikitaka hewa ileile inayoipata pwani kwa busti ya bar 1, turbo hapa lazima izidishe hewa kama mara 2.4, pwani ni mara 2. Inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Ndiyo maana busti uliyoisoma kwa mtu wa Uingereza haikuhusu. Nilifikiria VF, turbo kubwa zaidi ya Subaru STI, ya mtumba, lakini inachelewa kuamka, na mimi nguvu naitaka nikitoka kwenye mzunguko, si nikiwa kasi ya 140. Nikaibakiza TD04, nikaitia kiini kipya, sehemu ya katikati inayozunguka, na bomba jipya la oili, busti ikabaki ya kiwandani. Inaamka mapema, na matatu za Waiyaki Way zinajua.

Ramani ya kompyuta ya injini, yaani jedwali la lini cheche ipigwe na petroli kiasi gani, nayo iliandikwa kwa petroli ya Japani, ambayo ile ya daraja la juu huuzwa kwa oktani 100. Yetu haifiki hapo. Aliyeityuni alirudisha cheche nyuma kidogo kwenye mzigo mkubwa, akasikiliza kama injini inagonga kwa headphone, na gari halikupoteza chochote ninachoweza kukihisi.

Anayetaka nguvu farasi 300 aongeze sindano za mafuta, pampu ya petroli na hiyo VF. Halafu aulizie bei ya giaboksi. Yangu ni otomatiki ya gia 4, na fundi aliponitajia gharama ya kuiimarisha, nikaacha kuuliza kuhusu turbo.