Parkrun: kilomita 5 za bure, kanga kiunoni

Marehemu mama alitufundisha kwamba bahati nasibu ni kamari, basi. Kwa hiyo tangu nihamie Uingereza sijanunua tiketi hata moja, ila kila Jumamosi saa tatu asubuhi nafaidi pesa za wanaonunua.

Parkrun ni kilomita 5 bustanini, bila malipo. Ilianza 2004 pale Bushy Park, London, na wakimbiaji 13 tu. Mwaka 2018 Sport England, shirika la umma la kukuza michezo, ikaipa pauni milioni 3 za National Lottery, yaani bahati nasibu ya taifa, ili ifike kwa watu wasio na mazoea ya mazoezi. Watu kama mimi.

Unajisajili mara moja, unabeba msimbo wako wa mistari (barcode) wa kuskaniwa, unafika. Ukiusahau nyumbani, kama nilivyofanya wiki ya kwanza, huandikiwi muda hata ukilia. Wasimamizi wote wanajitolea. Mmoja kazi yake ni kutembea nyuma kabisa, ili mkia uwe wake na si wako. Tulipiga soga naye dakika 58, akinitajia majina ya miti. Sijapata kuona mkia unaoheshimiwa hivyo.

Kasoro? Vyoo vya bustani yetu asubuhi huwa vimefungwa, na Januari tope lilimeza kiatu changu cha kushoto. Baadaye watu huenda mkahawani kunywa chai, ingawa chai yenyewe haina hata iliki. Mie hubeba chupa yangu ya tangawizi, na siku hizi wazee wawili wa Kiingereza huja na vikombe vyao.