IST yangu namba D: miaka mitatu ya keki, makorongo na daftari la matumizi

Mimi naoka keki. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niijue IST, gari dogo la Toyota, kuliko wenzangu wengi wanaoiendesha kila siku. Abiria akirushwa kwenye tuta huguna, kisha akasahau. Keki ya ngazi tatu haisahau. Ikifika Mbweni imelalia upande, mteja anataka hela yake, nami nabaki na deni la siagi dukani.

Gari nililinunua Machi 2022, kutoka mkononi mwa mtu, si yadi. IST ya zamani, herufi za namba yake zikianza na D, toleo la kwanza lile lenye mishale ya spidi katikati ya dashibodi, la mwaka 2004, injini ndogo ya cc 1,298. Tulianza milioni 12, tukamalizia 10 na laki 8. Dashibodi ilisoma kilomita 118,000. Sikuiamini hata kidogo. Raba ya kanyagio la breki ilikuwa imelika mpaka imebaki ulimi, na usukani uling'aa kama sahani. Gari la kilomita 118,000 halizeeki hivyo. Sikugomba, nilimwonyesha tu kwa kidole, akacheka, bei ikashuka. Niliangalia pia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Yalikuwepo makosa mawili ya mwendokasi, akayalipa nikiwa nimesimama pale pale.

Kwa nini sikuagiza Japani? Nilipiga hesabu nikachoka. Gari lililopita miaka 10 linalipiwa asilimia 30 ya ziada kwa uzee wake tu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, na VAT bado haijagusa. Kwa hesabu zangu lingefika kwangu Goba, Dar es Salaam, likiwa limekaribia bei ya gari jipya zaidi na mtaji wa unga umekwisha. Nikaona heri nichukue ambalo mtu mwingine alishalilipia.

Sasa magonjwa.

Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba nikitoa gia N (huru) kwenda D (ya kwendea mbele) gari linashtuka, kama mtu aliyepigwa kofi usingizini. Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili linashtuka tena. Keki ya kwanza niliyoibeba, ya kipaimara, ilifika na ufa kwenye krimu. Fundi wa karibu na nyumbani alizunguka nalo mtaa mmoja, akashuka akitikisa kichwa: "Dada yangu, gia boksi hii imekufa. Ya yuzidi, iliyokwisha tumika, napata laki tisa, ufundi tutaelewana." Laki tisa! Ndiyo kwanza nimemaliza kulipia kadi.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi, rafiki wa marehemu baba, ambaye gereji yake ni mwembe na turubai. Hakulizungusha gari popote. Aliliacha lipate moto, likiwa linanguruma akachomoa kijiti cha mafuta ya gia, akapaka kidogo kwenye karatasi nyeupe, akanionyesha. "Mwanangu, umeona? Yangekuwa mekundu haya. Na harufu hii siyo yake." Mafuta yalikuwa ya kahawia iliyokoza, yananuka kuungua. Kwa kusikia kwake, wengi wanaoyauza magari haya hujazia mafuta yoyote mekundu wanayoyakuta dukani, wakati gia boksi ya IST hii ya kwanza inataka aina inayoitwa T-IV. Halafu kuna imani ya mtaani kwamba mafuta ya gia hayabadilishwi. Yanabadilishwa.

Hakukubali kuyasukuma yote kwa mashine mara moja. Alifungua boliti ya chini, yakatoka kama lita tatu, akarudishia kiasi kile kile cha T-IV, akaniambia niendeshe wiki moja nirudi. Tulifanya hivyo mara tatu. Galoni ya lita nne nilinunua 90,000, nikatumia zaidi ya mbili, hivyo na ufundi wake nilitoka kwenye laki tatu. Kushtuka kulipungua mara ya pili, mara ya tatu kukabaki kale kakubisha kadogo ka asubuhi gari likiwa baridi. Kapo mpaka leo. Sehemu ya mtikisiko ilikuwa ni maundi ya injini ya upande wa kulia, kile kishikizo kinachoibeba injini, raba yake imekatika, nayo tukaibadilisha. Mpaka naandika haya gia boksi ni ile ile iliyotangazwa kufa.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa kimyakimya. Gari lilikunywa. Nina tabia ya kujaza tenki mpaka bomba linakata lenyewe, nasawazisha kilomita kuwa sifuri, nikijaza tena nagawanya. Miezi ya mwanzo nilipata kilomita 9 kwa lita, wakati majirani wenye gari kama langu walikuwa wanasema 11, 12. Nilidhani ni foleni ya Mbezi. Kumbe fundi wa zamani, huko lilikotoka, aliondoa themostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, na kufunga nyumba yake tupu. Mafundi wetu wanaipenda sana dawa hiyo: gari likichemsha, toa themostati, maji yazunguke muda wote. Ni kweli halichemki, ila na injini haifiki joto lake la kazi, basi kompyuta inaendelea kumimina petroli kama vile ni alfajiri. Na ndani ya rejeta kulikuwa na maji ya bomba yenye rangi ya chai ya maziwa. Tukasafisha, tukaweka themostati mpya na kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Gharama yote haikufika laki moja na nusu, nikapanda mpaka 11 na nusu kwa lita mjini. Nikienda Morogoro kwa mwendo wa heshima, bila kushindana na mabasi, inagonga 15 na AC imewashwa.

Hapa niseme neno la haki. Magonjwa yote mawili hayo hayakutoka kiwandani. Yaliletwa na mikono. Ukinunua gari la miaka 20 hununui gari tu, unanunua na akili ya kila fundi aliyewahi kulala chini yake.

La tatu ndilo lililonitoa jasho. Desemba 2023, Jumamosi, keki ya harusi nyuma, niko Tegeta naelekea Bagamoyo. Gari likaanza kutetemeka kwenye mataa, nikikanyaga halina nguvu, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Ikiwa imewaka tu, unaweza kwenda nalo polepole hadi kwa fundi. Ikiwa inawaka na kuzima, maana yake kuna silinda haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuunguza masega ya kusafishia moshi kwenye eksozi. Sikulijua hilo wakati ule. Nilisukuma mpaka ukumbini, nikashusha keki, nikasali.

Jumatatu nilimpata fundi mwenye mashine ya kupimia akaniuzia plagi nne "orijino" kwa 60,000, na gari likaendelea kutetemeka vilevile. Plagi za kweli za madini ya iridiamu ncha yake ni nyembamba kama sindano. Nilizouziwa zilikuwa nene, na maandishi yake yalifutika kwa kucha. Nilirudi kwa mzee wangu. Mashine ilikuwa inaonyesha namba ya kosa P0303, yaani silinda haichomi. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda: ya tatu. Kila silinda ya injini hii ina koili yake, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, zimekaa juu ya plagi mstari mmoja, boliti moja moja. Mzee akachomoa ya tatu akaipeleka ya kwanza, ya kwanza akaileta ya tatu, akafuta kosa, tukawasha. Ikaja P0301. Ugonjwa umehama na koili. Kazi ya dakika kumi, haikuhitaji kununua kitu. Koili ya yuzidi kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, ililetwa na bodaboda kwa 40,000 kabla chai haijapoa.

Na hapo ndipo sifa kubwa ya IST ilipo, kwa macho yangu. Linaharibika kama magari mengine, ila kitu chake kinapatikana siku hiyo hiyo, kwa bei tatu tofauti, na kijana yeyote wa gereji anajua kinafungwa wapi. Rafiki yangu ana gari dogo la Ulaya, zuri, tulivu, viti kama sofa. Limekaa wiki sita likisubiri kifaa kimoja cha plastiki.

Mengine niyapitie haraka. Linki za stebulaiza mbele, vile vyuma vidogo karibu na shokapu, zinakufa kila mwaka kwa barabara yetu ya ndani. Zikigonga kwa-kwa kwenye mawe madogo usikubali kuuziwa shokapu kwanza, linki mbili ni 35,000. Shokapu zenyewe nilibadilisha mara moja, mpya. Mngurumo wa gari likiwa limesimama ukipanda na kushuka wenyewe, safisha koo la hewa, pale hewa inapoingilia kwenye injini, kabla ya kununua sensa yoyote. Oili linakula kidogo, kama nusu lita kati ya servisi na servisi, nami hupima kijiti kila Jumapili. Kwa umri wake namsamehe. AC ni nzuri mno, na mimi bila AC sina biashara. Tumbo lipo chini, kwa hiyo msimu wa masika kuna njia sipiti, napaki kwa shangazi naita bajaji. Vioo vya pembeni viliibwa mwaka wa kwanza nikiwa nimepaki Sinza. Siku hiyo hiyo niliponunua vingine nilichongesha namba ya gari juu ya vioo, kwenye taa na hata kwenye vioo vya milango. Linaonekana kama daftari la shule, lakini halijaguswa tena.

Nafasi: viti vya nyuma vikilala, maboksi manne ya keki ya inchi 14 yanakaa sambamba. Kwa familia ya watu watano wanene, hapana.

Sasa daftari. Nachukua mwaka 2024 kwa kuwa ndio uliokuwa wa kawaida, bila maajabu. Nilitembea kilomita 14,000 na kidogo. Bei ya petroli Dar mwaka ule ilicheza juu na chini ya elfu tatu na mia moja, EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wakitangaza kila mwezi nasi tukishika vichwa. Petroli ilikula milioni 3 na laki 8. Servisi tatu, kila kilomita 5,000, oili ya 5W-30 na filta, laki 3 na elfu 30. Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga, 118,000. Uharibifu, ukijumlisha betri na gesi ya AC, laki 6 na elfu 40. Ada ya barabara ya mwaka siku hizi hakuna, ilihamishiwa kwenye lita ya mafuta tangu 2017. Jumla inakaribia milioni 4 na laki 9. Matairi manne nilinunua mwaka mmoja kabla, hayamo humu.

Gawanya kwa kilomita: 350 kila moja. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Kutoka Goba kwenda Kigamboni na kurudi, kwa njia zangu, ni kilomita 70. Hiyo ni 24,500 kabla ya tozo ya daraja, na nilikuwa namtoza mteja wa Kigamboni 15,000 ya usafiri huku nikimshukuru kwa kuniunga mkono. Miaka miwili nzima nililaumu gari kwamba linakula faida. Januari nilibandika bei mpya za usafiri kwenye ukurasa wangu. Wawili walinuna, mmoja akahama. Wa Kigamboni ameagiza tena, ya ubarikio, ngazi mbili, Jumamosi hii. Linki ya kushoto imeanza kugonga, nitaipitishia kwa mzee Ijumaa.